Picha ya Kweli, Maelezo ya Uongo: Namna Kazi ya Mpigapicha wa Habari Inavyopotoshwa

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwaka 1996, Martha Rial, mpigapicha wa gazeti la Pittsburgh Post-Gazette la nchini Marekani, alikuwa magharibi mwa Tanzania akipiga picha za wakimbizi kutoka Rwanda na Burundi. Wakazi wa ukanda huo walikuwa wamekwisha kuzoea kuona misururu mirefu ya watu na mizigo yao. Mwishoni mwa Aprili 1994 takribani watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilayani Ngara katika muda wa siku moja hivi. Picha za Rial zilichapishwa na gazeti lake na mwaka 1998 zikampatia Tuzo ya Pulitzer.

Miaka ishirini baadaye, mwezi Julai 2018, idara ya Jeshi la Myanmar inayoshughulikia uhusiano na umma na vita vya kisaikolojia ilitoa kitabu kuhusu mgogoro wa jamii ya Warohingya. Miongoni mwa picha za kihistoria zilizomo ilikuwapo moja ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyofifia kama iliyotoka katika sanduku la kale, ikionesha umati wa watu wakitembea. Maneno yaliyoandikwa chini yake yalidai kuwa hao ni Wabengali wakiingia Myanmar baada ya Waingereza kuitwaa sehemu ya kusini ya nchi hiyo, yaani katika karne ya 19. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo Shirika la Habari la Reuters lilibaini kuwa picha hiyo ni ya Rial, iliyoondolewa rangi na kupunguzwa ubora kwa makusudi. Waliokuwa wakitembea ni wakimbizi wa Kihutu waliopigwa picha nchini Tanzania.

Haikuwa hiyo peke yake. Picha nyingine katika kitabu hicho, iliyodaiwa kuonesha mauaji yaliyofanywa na Warohingya miaka ya 1940, ilitoka katika vita vya Bangladesh vya mwaka 1971. Ya tatu, ya chombo cha majini kilichojaa watu waliokuwa wakiondoka Myanmar mwaka 2015, ilikuwa imegeuzwa upande na kuelezwa kuwa ni ya watu wanaoingia. Septemba 3, 2018 gazeti la jeshi hilo liliwaomba radhi wasomaji na wenye picha, kwa mbili kati ya hizo tatu.

Kisa hiki kinafaa kutazamwa kwa makini na msomaji wa Kitanzania, na sababu yake inazidi ile ya kwamba picha ilipigwa katika ardhi yetu. Mjadala wa siku hizi kuhusu picha za uongo umejikita zaidi katika akili mnemba, kana kwamba hatari ilianza pale kompyuta ilipojifunza kuchora nyuso za watu wasiokuwapo. Katika picha ya Rial hakuna mtu aliyeongezwa wala aliyeondolewa. Watu wale walikuwapo, walitembea, walichoka. Kilichobadilika, ukiacha rangi, ni mstari mmoja wa maneno; na mstari huo ulitosha kuwafanya wakimbizi wa Rwanda kuwa ushahidi dhidi ya watu wengine wasiowajua, katika bara ambalo hawajawahi kulikanyaga.

Katika vyumba vya habari mstari huo huitwa maelezo ya picha. Wasomaji wa taarifa za Serikali wanaufahamu kwa muundo wake usiobadilika: jina na wadhifa wa kiongozi, neno “kushoto” au “wa pili kulia” ndani ya mabano, anachokifanya, mahali, tarehe, na mwishoni “Picha na” likifuatiwa na jina. Wapo wanaouona muundo huo kuwa mkavu, na kwa kweli ni mkavu. Hata hivyo kila kipande chake kimewekwa kwa sababu. Tarehe huizuia picha ya mwaka jana isiitwe ya leo. Mahali huizuia picha ya mkoa mmoja isihamishiwe mkoa mwingine. Jina la aliyesimama kushoto humlinda aliyesimama kulia asibebeshwe yasiyomhusu. Jina la mpigapicha nalo humpa msomaji mtu wa kuulizwa endapo shaka itatokea.

Kuyapata maelezo hayo ni kazi ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Mpigapicha wa habari katika mkutano wa hadhara hupiga picha mamia kadhaa na kutuma chache. Wakati akihangaika na mwanga, na migongo ya watu na walinzi, anatakiwa pia kujua ni nani aliyepokea hundi, jina la mama aliyekuwa akishangilia mstari wa mbele, na kama kijiji hicho kiko upande huu au ule wa mpaka wa wilaya. Mara nyingi hulazimika kumfuata mtu baada ya tukio, daftari mkononi, amuulize jina lake na namna linavyoandikwa. Hadhira haimwoni akifanya hivyo, na pengine ndiyo maana sehemu hiyo ya kazi ndiyo ya kwanza kutupwa picha inapoanza kusafiri.

Gharama nyingine huwa nzito zaidi. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzia kazi yake jijini Dar es Salaam na kufungua humo kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963, alikuwapo Zanzibar wakati wa Mapinduzi ya mwaka 1964. Oktoba 1984 alipiga picha za njaa huko Korem, Ethiopia, akiwa na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Picha hizo zilipooneshwa dunia ilichangia misaada kwa kiwango kilichowashangaza hata waliokuwa wakiiomba. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia, na mwaka 1996 akafariki katika ajali ya ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka karibu na Visiwa vya Komoro. Mtu anapoichukua picha ya namna hiyo, akakata jina na kuandika “Picha: Mtandao”, anafuta mengi. Mtandao haujawahi kupiga picha hata moja.

Upotoshaji haufanywi na wenye nia mbaya pekee, na hapo ndipo suala linapokuwa gumu. Aprili 2014 wanafunzi wa kike 276 walitekwa na kundi la Boko Haram huko Chibok, Nigeria. Dunia ilipaza sauti kutaka warejeshwe, na katika kampeni hiyo zikasambazwa mamia kwa maelfu ya mara picha za wasichana watatu wenye huzuni. Mpigapicha wa Marekani, Ami Vitale, alizitambua mara moja kuwa ni zake. Wasichana hao walikuwa wa Guinea-Bissau, takribani kilomita 3,000 kutoka Chibok, na hawakuwahi kutekwa na mtu yeyote. Vitale alieleza kuwa anazifahamu familia zao, na kwamba zingeumia kuona mabinti zao wamefanywa sura ya janga lisilo lao. Walioisambaza walikuwa na huruma ya kweli. Huruma hiyo haikumrejesha hata msichana mmoja wa Chibok nyumbani, na ilimfanya binti wa kijiji cha mbali aitwe mateka.

Hata vyombo vikubwa vyenye wahariri wengi hujikwaa. Mei 2012, BBC iliweka katika tovuti yake picha ya mtoto akiruka juu ya safu za miili iliyovikwa sanda, ikihusishwa na mauaji ya Houla nchini Syria. Marco di Lauro, aliyeipiga, aliona kazi yake mwenyewe: alikuwa ameipiga Iraq mwaka 2003. Picha hiyo ilikuwa imepatikana kwa mwanaharakati, ikapita mikononi mwa watu wenye haraka, na ikaondolewa baada ya muda mfupi. Ukweli kwamba mauaji ya Houla yalitokea kweli hauipunguzii uzito hitilafu hiyo. Unaiongezea, kwa kuwa anayetaka kukana mauaji hupewa bure hoja ya kwamba ushahidi ni wa kubuni.

Hapa nyumbani tunaliona jambo hilohilo kwa umbo dogo, kila masika yanapoanza. Saa chache baada ya mvua kubwa ya kwanza, makundi ya WhatsApp hujaa picha za mafuriko. Baadhi ni za siku hiyo. Nyingine ni za Bonde la Msimbazi za miaka iliyopita, na nyingine hazikupigwa nchini kabisa. Anayezisambaza hudhani anawatahadharisha ndugu zake. Lakini mzazi aliyeko Mtwara akioneshwa daraja lililosombwa katika njia anayosafiri mwanawe, akapoteza usiku mzima akipiga simu, kisha akagundua kuwa daraja hilo liko nchi nyingine, siku ya tatu hataamini picha yoyote. Na huenda siku hiyo ya tatu ndiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania itakapokuwa imetoa tahadhari ya kweli, na kamati ya maafa ya wilaya ikawataka wakazi wa mabondeni wahame kabla ya jioni. Picha ya uongo ina madhara siku inaposambazwa. Madhara yake makubwa zaidi huja pale picha ya kweli inapohitaji kuaminiwa.

Zipo pia picha ambazo hakuna aliyezipotosha ila hazikupaswa kusambazwa. Ajali ya barabarani ikitokea, picha za majeruhi na marehemu huwafikia jamaa kupitia simu kabla Jeshi la Polisi au hospitali haijawafikia. Mpigapicha aliyefunzwa hujua kuisogeza kamera hadi kwenye gari lililopinduka, kiatu kilichobaki barabarani au waokoaji walio kazini, akaieleza ajali bila kumvunjia heshima aliyelala chini. Mwenye simu pekee hujikuta ameshapiga na kutuma kabla hajafikiri.

Sheria zetu zinasemaje? Sheria ya Makosa ya Mtandao Na. 14 ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, inataja waziwazi taarifa iliyo katika picha, na inamgusa mtu anayeichapisha kwenye mfumo wa kompyuta akijua kuwa ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha au kuudanganya umma. Maneno “akijua” na “kwa nia” yana uzito. Mtunzi wa uongo anaingia humo. Shangazi aliyepokea picha ya mafuriko saa nne usiku na kuituma kwa wanawe kwa mapenzi haingii kirahisi, na wala si haki aingie. Kwa sababu hiyo sheria ya jinai haiwezi kubeba mzigo wote. Sehemu kubwa ya kinga inapaswa kuwekwa mapema zaidi, pale picha inapotoka kwa mara ya kwanza.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 nayo inazitambua picha kuwa kazi zinazolindwa. Hapa pana mkanganyiko unaosikika mara kwa mara, hata kwa watu wenye elimu. Sheria hiyo, sawa na Mkataba wa Berne ambao Tanzania ni mwanachama, haizilindi habari za siku kama habari. Hakuna anayeweza kumiliki ukweli kwamba daraja limezinduliwa. Wapo wanaochukulia kuwa basi na picha ya uzinduzi huo ni ya wote. Sivyo. Tukio halina mwenyewe, picha ya tukio ina mwenyewe. Aliyeipiga, au mwajiri wake kulingana na mkataba, ana haki juu yake tangu inapopigwa, na haki hiyo haitegemei kwanza kusajiliwa, ingawa usajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) humrahisishia ushahidi siku ya mgogoro. Mkataba wa Berne unakwenda mbali zaidi: unampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa kazi yake na ya kupinga isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima, hata akiwa ameuza haki nyingine zote.

Thamani ya haki hiyo ilipimwa mahakamani katika shauri la Daniel Morel, mpigapicha wa Haiti. Tetemeko la Januari 12, 2010 lilipoiangusha Port-au-Prince, Morel alikuwa mitaani, na jioni hiyo akaziweka picha zake mtandaoni. Mtu mwingine akazinakili na kuzitangaza kama zake. Shirika la AFP likazichukua kutoka kwa huyo wa pili, likazisambaza duniani kupitia Getty Images zikiwa na jina lisilo la Morel. AFP ilijitetea kuwa kuweka picha kwenye mtandao wa kijamii ni sawa na kuwaruhusu wengine waitumie. Mahakama ya New York ilikataa hoja hiyo, na Novemba 2013 baraza la wazee wa mahakama likaamua alipwe takribani dola za Marekani milioni 1.2. Wapigapicha wetu wengi ni wa kujitegemea, wanaolipwa kwa kila picha inayochapishwa. Hawana wanasheria wa New York. Picha moja ikinyakuliwa na blogu kumi bila malipo wala jina, hasara yake kwao ni nauli ya kwenda kwenye tukio lijalo.

Ni haki kusema wazi kwamba si blogu pekee. Zipo taasisi za umma ambazo vipeperushi, kalenda na mabango yake hubeba picha zilizochukuliwa mtandaoni, jina la mpigapicha likiwa limekatwa pamoja na ukingo wa chini. Ofisi inayowataka wananchi waheshimu taarifa rasmi haina budi kuheshimu chanzo cha kila inachokichapisha. Kumwandikia mpigapicha ujumbe wa kuomba ruhusa huchukua dakika chache, na wengi wao hukubali kwa sharti moja tu, la jina.

Kukata kunaweza pia kumwondoa mtu mzima. Januari 2020, mwanaharakati wa mazingira kutoka Uganda, Vanessa Nakate, alipigwa picha mjini Davos pamoja na wenzake wanne wa Ulaya, akiwamo Greta Thunberg. Shirika la AP liliisambaza picha hiyo yeye akiwa amekatwa, wakabaki wanne. Maelezo ya awali yalikuwa ya kiufundi: jengo lililokuwa nyuma yake liliharibu mpangilio wa picha. Nakate alilipokea kama kufutwa kwa bara zima, na AP ikaomba radhi. Kila anayekaa kwenye dawati la picha hukata picha kila siku, na mara nyingi kwa sababu nzuri. Swali ambalo kisa hiki kinaliacha mezani ni nani huwa wa kwanza kukatwa nafasi inapokuwa finyu. Katika picha zetu za uzinduzi wa miradi mara nyingi huwa ni fundi aliyeujenga mradi wenyewe, aliyekuwa amesimama ukingoni.

Kwa upande wa mwananchi, uchunguzi wa kwanza hauhitaji utaalamu. Namba za magari husema mengi: gari la Tanzania lina herufi T mwanzoni, la Kenya K, la Uganda U, mafuriko yenye magari ya K yote barabarani si ya Kinondoni. Maandishi ya mabango yakisomeka kinyume, picha imegeuzwa upande. Mavazi ya askari na upande wa usukani pia ni vitambulisho. Huduma za kutafuta kwa kutumia picha, kama Google Lens na TinEye, zinapatikana bila malipo na mara nyingi huonesha kama picha iliwahi kuchapishwa kabla ya tukio linalodaiwa. Ikumbukwe tu kwamba kamera huhifadhi ndani ya faili saa na tarehe, na wapigapicha huongeza humo jina na maelezo, lakini majukwaa mengi ya kijamii huziondoa taarifa hizo picha inapopakiwa. Picha iliyofika kwa WhatsApp mara nyingi imekwisha kuvuliwa vitambulisho vyake njiani. Wa kuulizwa hapo ni aliyeituma: ameitoa wapi?

Kwa Maafisa Habari wa wizara, mikoa na halmashauri, wajibu ni wa kila siku. Kila mwanafunzi wa Tanzania anaijua picha ya Mwalimu Julius Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964, na bado ni wachache wanaoweza kumtaja aliyeipiga. Picha hiyo inajieleza yenyewe kwa kuwa tukio lenyewe ni kubwa. Maelfu ya picha nyingine za miaka ile, za mashamba, zahanati na vijiji vipya, hazina bahati hiyo. Pasipo maandishi nyuma ya karatasi, zinamtegemea mzee mmoja anayeweza kusema huyu ni fulani na hapa ni mahali fulani. Picha za leo zinapigwa kwa wingi usiopimika na kuhifadhiwa katika simu na diski zikiwa na namba tupu kwa majina. Mradi wa maji uliozinduliwa mwezi huu utahitaji kuthibitishwa miaka kumi ijayo, pengine na mkaguzi, pengine na mwananchi anayedai kuwa bomba halikuwahi kufika kwake. Picha isiyo na tarehe wala jina la kijiji haitamsaidia yeyote kati ya hao wawili. Ikifika mezani ikiwa hivyo, irudishwe kwa aliyeipiga siku hiyohiyo, angali akikumbuka nani alisimama kushoto.